Watoto wa Bunia wapewe vitabu vya kuchekesha, si mawaidha peke yake

Mzazi anayezunguka mjini Bunia akitafuta kitabu cha mtoto wa miaka kumi hatarudi nyumbani mikono mitupu. Atapata daftari, kitabu cha hesabu, kitabu cha kujiandaa kwa mtihani wa ENAFEP, Biblia ya watoto na kitabu cha nyimbo. Lakini akiomba kitabu ambacho mtoto atakisoma kwa sababu tu anataka kujua mwizi alikimbilia wapi, au kitakachomfanya acheke mpaka ndugu zake waje kuuliza kuna nini, hapo muuzaji ataanza kukuna kichwa.

Katika mji wenye shida nyingi kama Bunia, upungufu huo unaweza kuonekana jambo dogo sana. Jimbo la Ituri liko chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021. Familia zilizokimbia mashambulizi katika maeneo ya Djugu na Irumu zimejaa mjini, nyingine zikiwa kwa jamaa, nyingine katika kambi kama ile ya Kigonze. Unga una bei, dawa zina bei, na karo ya shule ya sekondari haisubiri. Nani atakaa kufikiria hadithi za maharamia na watoto watundu?

Hata hivyo, ni katika mji wa namna hii ambapo vitabu hivyo vina kazi kubwa zaidi. Sababu ya kwanza ni ya darasani kabisa.

Tangu mwaka 2019 elimu ya msingi katika shule za serikali nchini Kongo ni bure, na madarasa yamefurika. Kuingia darasani na kujua kusoma, lakini, ni mambo mawili tofauti. Benki ya Dunia inakadiria kwamba watoto 97 kati ya 100 wenye umri wa miaka kumi nchini hawawezi kusoma na kuelewa maandishi mepesi. Walimu wachache, madarasa ya watoto themanini na vita vina sehemu yao katika balaa hiyo. Lakini ipo sababu nyingine isiyozungumzwa sana: mtoto hana cha kusoma. Kusoma ni kama kuendesha baiskeli. Hakuna aliyejua baiskeli kwa kuelezwa faida zake. Alijua kwa kuzunguka nayo uwanjani mara mia, akianguka na kuinuka. Kurasa chache za kitabu cha shule, tena kinachoshikwa na watoto wanne kwa pamoja, hazitoshi kuzunguka mara mia.

Mtoto hukubali kuzunguka mara mia kama anafurahia mzunguko wenyewe. Ndiyo maana riwaya ya vituko, yenye sura fupi na hatari mwishoni mwa kila sura, humfundisha kusoma kuliko kitabu kinachomwambia kwamba kusoma ni ufunguo wa maisha. Neno asilolijua atalikisia na kusonga mbele, kwa kuwa ana haraka ya kujua kilichotokea.

Mawaidha yamezidi

Vitabu vingi vinavyowafikia watoto wa mikoa ya vita huletwa kwa nia njema, na karibu kila kimoja kina ujumbe: amani, usafi wa mikono, kinga ya maradhi, haki za mtoto. Ujumbe huo ni wa kweli na unahitajika. Tatizo ni kwamba mtoto wa miaka kumi ana pua kali, na hunusa mawaidha tangu ukurasa wa pili. Akishajua kwamba simba na swala watapatana mwishoni kwa sababu kitabu kilichapishwa ili wapatane, hana tena sababu ya kufungua ukurasa wa tatu.

Mtoto aliyetoka Djugu usiku na godoro kichwani haelezwi ubaya wa vita na mtu yeyote. Anaujua. Asichokipata kirahisi ni hadithi ambamo mtoto wa umri wake ndiye anayeamua mambo: anajificha, anadanganya jambazi, anapotea msituni na kupata njia. Katika hadithi hiyo hatari ipo, lakini inashikika, na msomaji akiogopa mno anaweza kufunga kitabu. Hii haina maana kwamba kitabu ni dawa ya majeraha ya vita. Wapo watoto ambao hawatapenda kusoma habari za nyumba zinazoungua, na wasilazimishwe. Wachague wenyewe. Wengi wao watachagua kucheka kwanza.

Vya kuanzia

Kwa anayeanza, hakuna mahali pazuri kuliko kwa Abunuwasi. Hekaya zake zimesomwa kwa Kiswahili kwa vizazi kadhaa Afrika Mashariki, na kila kisa ni kifupi. Anaazima sufuria kwa jirani na kuirudisha na kisufuria ndani, akisema sufuria imezaa. Jirani anafurahi na kupokea. Mara ya pili Abunuwasi anaazima tena, harudishi, anasema sufuria imekufa. Jirani anapopiga kelele kwamba sufuria haifi, anaulizwa mbona aliamini kwamba inazaa. Mtoto atacheka, kisha atakimbia kumsimulia mwenzake. Hakuna aliyemwambia kwamba tamaa ni mbaya, lakini ameiona tamaa ikinaswa.

Kwa Kifaransa, mlango unaofanana na huo ni hadithi ya Leuk, sungura mjanja, iliyoandikwa na Wasenegali wawili, Léopold Sédar Senghor na Abdoulaye Sadji, mwaka 1953. La Belle Histoire de Leuk-le-Lièvre kiliandikwa kwa ajili ya shule, tena na watu waliokuwa walimu, lakini hakinuki chaki. Sungura anatembea duniani, anakutana na Fisi mlafi, anamchezea Simba, na katika kila sura anaponea chupuchupu. Mtoto wa Ituri aliyesikia hadithi za sungura kwa bibi yake hatakuwa mgeni humo, hata kama Kifaransa chake bado kinachechemea.

Mtoto anayependa picha apewe Akissi. Marguerite Abouet, aliyezaliwa Abidjan, alianza kutoa vitabu hivi vya katuni mwaka 2010 pamoja na mchoraji Mathieu Sapin. Akissi ni msichana mdogo asiyetulia. Katika kitabu cha kwanza anatumwa kupeleka samaki, na paka wa mtaa mzima wanamwinda. Ana kaka anayemsumbua, ana nyani anayempenda, ana rafiki wa kila aina. Mitaa yake ya vumbi, majirani wanaoingilia kila jambo na mama mwenye mkono mwepesi ni vitu ambavyo mtoto wa Bunia anavijua. Tena Akissi ni msichana, na vituko ni vyake. Wasichana wengi hukutana na vitabu ambamo dada anachota maji wakati kaka anapata safari.

Aliyevuka hapo anaweza kupewa Le Petit Nicolas cha René Goscinny na mchoraji Sempé, kilichotoka mwaka 1960. Nicolas anasimulia mwenyewe, kwa sentensi ndefu za mtoto anayesahau kupumua, habari za darasa lake: Alceste anayekula muda wote, Agnan kipenzi cha mwalimu ambaye hapigwi kwa kuwa amevaa miwani, na siku ya picha ya darasa ambapo vurugu zinakuwa kubwa mpaka mpiga picha anaondoka zake. Ufaransa ya miaka ile iko mbali na Ituri, lakini darasa linalomshinda mwalimu ni lilelile popote.

Kwa wanaotaka safari

Kwa mtoto wa miaka kumi na moja au kumi na mbili anayetaka hatari kubwa zaidi, hadithi ya Robert Louis Stevenson kuhusu kisiwa cha hazina bado haijapata mshindani. Jim Hawkins, mvulana wa nyumba ya wageni, anapata ramani, anapanda meli, na usiku mmoja, akiwa ndani ya pipa la matofaa, anasikia mabaharia wakipanga uasi. Kila mtoto aliyewahi kujificha na kusikia mazungumzo ya wakubwa yasiyomhusu atasimamisha pumzi pamoja naye. Na Long John Silver, mwenye mguu mmoja, si mwovu mtupu: msomaji humpenda na kumwogopa kwa pamoja, jambo linalomfanya mtoto afikiri kuliko hotuba yoyote kuhusu watu wema na wabaya.

Kitabu hicho si kigeni katika Kiswahili. Kilifasiriwa kwa jina la Kisiwa chenye Hazina katika kipindi kilekile, miaka ya 1920 na 1930, ambapo Safari za Gulliver na Mashimo ya Mfalme Sulemani pia viliingia shuleni Afrika Mashariki. Hivyo vya mwisho vimebeba macho ya wakoloni na havipaswi kupewa mtoto bila mazungumzo. Lakini waliovifasiri walijua jambo moja ambalo leo limesahaulika: ukitaka watu wasome, wape safari.

Mwaka 1940 ulileta Elisi katika Nchi ya Ajabu, tafsiri ya kitabu cha Lewis Carroll, michoro ikimwonyesha Elisi kama msichana wa Kiafrika. Mwaka 2015 Ida Hadjivayanis alitoa tafsiri mpya, Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu. Sungura mwenye saa, chai isiyokwisha, malkia anayetaka kila mtu akatwe kichwa: ni upuuzi mtupu, na mtoto anahitaji upuuzi kama anavyohitaji chumvi.

Waandishi wa Kiswahili wenyewe nao wamefanya kazi. Edwin Semzaba wa Tanzania aliandika Marimba ya Majaliwa, kilichotoka mwaka 2008, ambamo mvulana anazunguka nchi yake katika visa vya kusisimua. Ken Walibora wa Kenya, aliyefariki mwaka 2020, alipata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta mwaka 2003 kwa Ndoto ya Amerika, hadithi ya watoto kuhusu kiu ya kwenda Marekani, kiu ambayo vijana wa Bunia hawahitaji kuelezwa. Na kwa mtoto mkubwa mwenye subira ya lugha, kuna Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, cha mwaka 1952, chenye majini, safari za bahari na ndugu waliogeuzwa manyani. Kiswahili chake ni kigumu. Kisomwe na mtu mzima kando.

Kongo nayo ina urithi wake wa kucheka. Mongo Sisse aliwachekesha wasomaji wa Kinshasa kwa katuni za Mata Mata na Pili Pili, kisha akamleta Bingo mwanzoni mwa miaka ya 1980. Barly Baruti, mzaliwa wa Kisangani, amechora kwa zaidi ya miaka arobaini. Ni aibu kwamba mtoto wa Bunia anaweza kumjua Tintin kabla ya kuwajua hao.

Kuhusu Tintin, neno moja linatosha. Tintin au Congo ni kitabu cha vituko na kicheko, na bado kinauzwa. Mwaka 2007 raia mmoja wa Kongo alikwenda mahakamani Brussels akitaka kisiuzwe hivihivi. Mwaka 2012 mahakama ilimkatalia. Sheria imesema yake, lakini mzazi anaweza kusema yake pia. Kicheko cha kitabu kile kinamcheka mtoto mwenyewe aliyekishika. Kijana wa miaka kumi na tano anaweza kukisoma na kukijadili. Mtoto wa miaka minane apewe Akissi.

Pingamizi tatu

Kuna watakaosema lugha ndiyo kizuizi. Nyumbani mtoto wa Bunia husema batoto na bitabu, kitabu cha Dar es Salaam kinasema watoto na vitabu, na shuleni Kifaransa kinamsubiri. Ni kweli, kurasa za kwanza zitamkwaza. Lakini sheria ya elimu ya mwaka 2014 yenyewe inatambua lugha za taifa kama lugha za kufundishia, na tofauti ya Kiswahili cha Ituri na cha pwani si mto usiovukika. Anayecheka na Abunuwasi leo ataziweza ngeli kesho bila kuzitaja majina. Kwa Kifaransa vilevile, sentensi za Nicolas zitamfaa kuliko jedwali la vitenzi.

Wengine wataleta suala la imani. Majini, wachawi na wanyama wanaosema vinawatia wazazi wengi wasiwasi, na katika nchi ambako watoto wamewahi kufukuzwa nyumbani kwa kuitwa wachawi, wasiwasi huo si wa kuchezewa. Ila mtoto anajua tofauti ya hadithi na habari mapema kuliko inavyodhaniwa. Anajua kwamba sufuria haizai. Ndiyo sababu anacheka. Mzazi mwenye shaka asome kwanza, kisha aamue. Hilo pekee litakuwa limeongeza msomaji mmoja nyumbani.

Pingamizi la tatu ni fedha, na ndilo zito. Kitabu kimoja cha katuni kutoka Ulaya kinaweza kugharimu chakula cha nyumba kwa siku kadhaa. Kwa hiyo hakuna maana ya kumwambia kila mzazi anunue. Vitabu hivi vinunuliwe na shule, parokia, misikiti, vyama vya vijana na mashirika, na kila nakala ipite mikono hamsini.

Njia zipo. Bidhaa nyingi za Bunia hutoka Uganda, kupitia Mahagi, Aru au bandari ya Kasenyi kwenye Ziwa Albert. Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na mwaka huohuo serikali ya Uganda iliamua Kiswahili kifundishwe katika shule za msingi na sekondari. Vitabu vya Kiswahili vya Dar es Salaam na Nairobi vitakuwa na sababu zaidi ya kufika Kampala. Kutoka hapo hadi Bunia, lori linaloleta sabuni na sukari linaweza kubeba katoni moja zaidi.

Kwa wenye simu, mradi wa African Storybook unatoa bure hadithi fupi zenye picha kwa lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo, nazo zinaweza kupakuliwa mara moja na kusomwa bila mtandao. Ni hadithi za wadogo zaidi, lakini ni daraja. Kitabu cha Stevenson nacho hakina tena haki miliki, na tafsiri za zamani za Kifaransa zipo bure kwenye intaneti.

Hata kambi si kisingizio. Mwaka 2014 shirika la Bibliothèques Sans Frontières lilipeleka maktaba za masanduku kwa wakimbizi wa Kongo waliokuwa kambini nchini Burundi: vitabu, kompyuta na michezo vinavyofunguliwa asubuhi na kufungwa jioni. Waliojenga sanduku lile hawakusubiri vita viishe ndipo watoto wasome.

Kisha ipo redio. Radio Candip ya Bunia imebeba ualimu katika jina lake, kwa kuwa ilitokana na kituo cha uhamasishaji na usambazaji wa elimu cha chuo cha ualimu, ISP. Robo saa ya hadithi kila jioni, ikikatwa pale Jim anapoingia ndani ya pipa, ingefika Kigonze, Nyakasanza na vijijini ambako hakuna gari la vitabu litakalofika mwaka huu.

Nusu saa ya Ijumaa

Shuleni, mabadiliko yanaweza kuanza bila waraka kutoka Kinshasa. Mwalimu mwenye nakala moja tu anaweza kuwasomea watoto themanini kwa sauti, nusu saa ya mwisho ya Ijumaa, na kufunga kitabu mahali pabaya kabisa, wanapolia aendelee. Jambo moja lizingatiwe: baada ya kusoma, kusiwe na maswali ya ufahamu wala muhtasari wa kuandika, wala mtu asiulizwe hadithi inatufundisha nini. Siku hiyo watoto waende nyumbani wakibishana kuhusu Long John Silver.

Na kwa mashirika yanayonunua vitabu kwa ajili ya watoto wa Ituri, kabla ya kuagiza katoni mia, yalete kwanza nakala moja moja ya vitabu kumi tofauti, yaziache wiki mbili darasani au kambini, kisha yarudi kuangalia. Nakala iliyochanika, yenye alama za vidole vya mafuta na isiyo na jalada ndiyo ya kuagiza. Iliyobaki safi irudishwe ilikotoka, hata kama ina ujumbe mzuri.